Vyuo vinavyotuzwa kwa kuwazindua wanafunzi juu ya ulevi: ni vipi vinavyostahiki sifa?

Mwezi uliopita alitujia ofisini mama mmoja, mkazi wa Tanga, amefuatana na mwanawe wa kiume ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia kupata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Habari ilikuwa njema, lakini mama hakuja kuitangaza. Alikuja kulalamika. Chuo kilikuwa kimemwandikia kijana kwamba, kabla hajawasili, sharti amalize somo fupi la kwenye mtandao. Na somo hilo lilihusu pombe. "Mwanangu hajapata kuionja tangu kuzaliwa," alituambia, "nao wanamuuliza anakunywa glasi ngapi kwa wiki. Wanamfundisha kunywa, wanangu, au wanamfundisha nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba atuachie barua ile, tukamwahidi kuifuatilia. Tuliyoyakuta ni mengi kuliko tulivyotarajia, na baadhi yake hayakutufurahisha hata kidogo. Lakini wazazi wanaowapeleka watoto ng'ambo wanazidi kuongezeka, na tumeona ni haki yao kuyajua.

Kwanza na tuseme ukubwa wa tatizo lenyewe. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyoyalazimisha majimbo, kwa tishio la kukatiwa fedha za barabara, kuweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi walio wengi wa miaka ya mwanzo chuoni hawaruhusiwi kuinunua. Hata hivyo, mwaka 1993 mtafiti Henry Wechsler wa Chuo Kikuu cha Harvard alipowauliza wanafunzi zaidi ya 17,000 katika vyuo 140, alikuta asilimia 44 kati yao walikuwa, katika muda wa wiki mbili zilizopita, wamekunywa kwa fujo. Maana ya kunywa kwa fujo katika utafiti ule ni vipimo vitano mfululizo kwa mwanamume na vinne kwa mwanamke. Na kipimo kimoja kwa Wamarekani ni gramu 14 za kileo halisi: ndicho kiasi kilichomo katika kopo dogo la bia, au katika bilauri ya mvinyo, au katika tone la pombe kali lisilojaza kikombe cha kahawa. Wengi hawakuzijua hesabu hizi kabla ya kuja chuoni, na pombe ya karamu humiminwa bila kupimwa.

Mwaka 2002 taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayotafiti ulevi ilitoa ripoti iliyowashtua wakuu wa vyuo. Ilikadiria kwamba kila mwaka wanafunzi wapatao 1,400 wa umri wa miaka 18 hadi 24 hufa kwa sababu zinazohusiana na pombe, wengi wao katika ajali za magari. Laki tano huumia. Zaidi ya laki sita hupigwa au hushambuliwa na mwanafunzi mwenzao aliyelewa. Na zaidi ya 70,000 hupatwa na udhalilishaji wa kijinsia ambao pombe imo ndani yake. Hesabu ya mwisho imetukaa moyoni kuliko zote. Wanaoumizwa si walevi peke yao.

Miaka mitano kabla ya ripoti hiyo, kijana wa mwaka wa kwanza katika taasisi mashuhuri ya teknolojia, MIT, alifariki baada ya kunyweshwa katika nyumba ya jumuiya ya udugu aliyokuwa akijiunga nayo. Alikuwa na wiki chache tu chuoni. Mwaka 2000 taasisi ilikubaliana na wazazi wake kulipa jumla ya dola milioni 6, sehemu yake ikawekwa katika mfuko wa kuwasomesha wengine, na mkuu wa taasisi akaomba radhi. Hapo ndipo vyuo vingi vilipotambua kwamba kutundika mabango ya nasaha ukutani si ulinzi.

Maana mabango yalikuwapo tangu zamani. Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Florida, kilianzishwa chama cha wanafunzi cha kuamsha fikra juu ya pombe, kikaenea katika mamia ya vyuo. Jina lake kwa ufupi lilikuwa BACCHUS. Msomaji aliyesoma historia ya Warumi atakumbuka kwamba hilo ni jina la mungu wao wa mvinyo, na atatusamehe tukitabasamu. Kisha mwaka 1984 ikazinduliwa wiki maalumu ya vyuo vyote, kila Oktoba, ya kuwazindua wanafunzi juu ya pombe. Ndani ya wiki hiyo kulikuwa na maonyesho, mihadhara, magari yaliyobondeka yakiwekwa uwanjani ili yatazamwe, na vinywaji visivyo na kileo vikigawiwa bure. Vyuo vilivyofanya vizuri vilipewa tuzo. Mwaka 1989 sheria nayo ikaingia: chuo chochote kipokeacho fedha za serikali kuu sharti kiwe na mpango wa kuzuia ulevi na dawa za kulevya, kimgawie kila mwanafunzi maelezo yake kwa maandishi kila mwaka, na kiutathmini mpango huo kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1998, katika marekebisho ya sheria ya elimu ya juu, Wizara ya Elimu ilipewa mamlaka ya kuvitambua na kuvituza vyuo vyenye mipango ya kuigwa.

Hapa ndipo swali letu lilipoanza: hutuzwa kwa kipi? Kwa wingi wa mabango na fulana, au kwa kupungua kwa majeruhi?

Kwa miaka mingi, tukisema kweli, ilikuwa kwa mabango. Na mengi ya mabango hayo yalilipiwa na makampuni ya bia. Tulisita kuliandika hili mpaka tulipohakikisha, lakini halikuwa siri: makampuni yalichangia wiki ya Oktoba, yalichangia vyama vya wanafunzi, na baadaye yalitoa ruzuku kwa vyuo viendeshe kampeni. Ujumbe wake ulikuwa ni unywe kwa busara. Kwa mtengeneza bia, huo ni ujumbe usio na hasara. Kwani hausemi usinywe, na mnywaji akipatwa na janga, kosa linakuwa la busara yake. Ni kama mwenye duka la sumu ya panya anayewagawia majirani karatasi za kuwashauri wanawe mikono.

Matokeo yalijionyesha yenyewe. Wechsler aliurudia utafiti wake mara tatu. Mwaka 2001, baada ya miaka minane ya wiki za Oktoba na tuzo zake, wanywaji wa fujo walikuwa bado asilimia 44, vile vile. Kilichobadilika ni pembezoni: wasiokunywa kabisa waliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 19, na wanaokunywa kwa fujo mara kwa mara nao waliongezeka, kutoka kama asilimia 20 hadi 23. Ripoti ya 2002 tuliyoitaja iliipanga mipango katika madaraja manne, na katika daraja la chini kabisa, la mipango isiyofaa kitu ikiwa peke yake, ikaweka ile ya kutoa maelezo tu. Kumwambia kijana kwamba pombe huharibu ini hakumzuii. Anajua. Sisi wenyewe tunaohutubia katika mabaraza yetu tukizingatie kipengele hicho.

Mpango uliosifiwa kuliko mingine kwa wakati wake ulitoka Chuo Kikuu cha Northern Illinois. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahusika waliwauliza wanafunzi maswali mawili: wewe hunywa kiasi gani, na wadhani wenzako hunywa kiasi gani? Wanafunzi walidhani karibu asilimia 70 ya wenzao hunywa kwa fujo. Walipohesabu majibu ya wanafunzi juu ya nafsi zao, wanaofanya hivyo hawakufika nusu. Kijana aliyekaa chumbani akisoma alijiona mpweke, kumbe walio kama yeye ndio wengi. Ila wasomao hawapigi kelele usiku. Chuo kikaacha mabango ya ajali na maiti, kikaanza kuwatangazia wanafunzi ukweli huo kuhusu wao wenyewe, katika gazeti la chuo na kwenye mabango, mwaka baada ya mwaka. Kwa muda wa miaka kumi hivi, wanywaji wa fujo chuoni hapo wakashuka kutoka kama asilimia 45 hadi 25.

Habari hiyo ilienea upesi, na vyuo vingi vikaiga. Lakini mwaka 2003 Wechsler na wenzake walilinganisha vyuo vilivyoiga na visivyoiga, wasione tofauti ya kuridhisha. Wataalamu wamebishana tangu hapo, na tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayopingana. Sisi tunaona jambo moja lililo wazi: mpango wa mwanzo ulidumu miaka mingi mikononi mwa watu waliowajua wanafunzi wao, na wengi wa walioiga walichukua bango tu.

Uliosimama imara zaidi katika mizani ya watafiti ni mpango usio na bango hata moja. Ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na jopo la Profesa Alan Marlatt. Mwanafunzi aliyebainika kuwa katika hatari huitwa na mshauri mara mbili, kila mara kwa muda usiozidi saa moja. Hakemewi wala hapewi hotuba. Huonyeshwa kwa hesabu amekunywa kiasi gani, ametumia fedha ngapi, amekosa vipindi vingapi, na yuko wapi akilinganishwa na wenzake. Kisha huulizwa yeye mwenyewe anataka nini. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopitia mazungumzo hayo walifuatiliwa kwa miaka minne, na walipatwa na madhara machache kuliko wenzao ambao hawakuitwa.

Hapa mama wa Tanga angetukatiza, na hata ndani ya ofisi yetu tulikatizana. Mshauri huyu hamwambii kijana aache. Akipunguza kutoka vipimo kumi hadi vitatu, mpango unahesabu ushindi. Kwetu sisi hukumu ya kichache ni ile ile ya kingi. Mmoja wetu alikumbusha kwamba katazo lenyewe liliteremka kwa hatua, kuanzia aya ya 219 ya Suratul Baqara, kisha ya 43 ya Suratun Nisaa, hadi aya za 90 na 91 za Suratul Maida. Mwingine akajibu, na tunaona alijibu sawa, kwamba hatua zile zilikwisha, na hakuna mwanadamu aliyepewa ruhusa ya kuzianza upya kwa nafsi yake. Tulipokubaliana ni hapa: chuo cha serikali katika nchi ya dini nyingi hakihukumu kwa sharia yetu, na kipimo cha kukipimia ni kama kinaokoa watu au hakiokoi. Kupunguza majeneza ni jambo la kushukuriwa, hata kama anayelifanya haendi mpaka mwisho wa njia tunayoijua.

Vyuo vinavyotupendeza zaidi, lakini, ni vile ambavyo havikuishia kwenye kupunguza. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Brown kilimteua mmoja wa maprofesa wake, aliyekuwa mwenyewe ameacha ulevi, awe mlezi wa wanafunzi na wafanyakazi waliotaka kuacha. Mwaka 1986 Texas Tech kikafungua kituo cha namna hiyo, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Rutgers kikatenga nyumba ya kulala kwa ajili ya wanafunzi waliokwisha kuacha, wakae pamoja, mbali na mabweni ya karamu. Fikiria hali ya kijana wa miaka 20 aliyetubia, kisha akarudishwa kulala chumba kilichopakana na ukumbi wa bia. Nyumba ile ni ngao. Isitoshe, vyuo kadhaa vilianza kuwa na mabweni ambayo mkazi huahidi kutoingiza pombe wala sigara, hata kama hajapata kuwa mlevi. Haya hayatangazwi sana katika vitabu vya kuwakaribisha wageni. Mzazi sharti aulize.

Chuo Kikuu cha Cornell nacho tungekitaja. Mwaka 2002 kilitangaza kwamba mwanafunzi anayempigia simu daktari kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe, na yule anayeletewa msaada, hawataadhibiwa na chuo kwa kosa la kunywa. Wapo waliosema huko ni kuwalea walevi. Lakini sababu ilikuwa moja: vijana walikuwa wakiwaacha wenzao wamelala bila fahamu, wakiogopa adhabu, na asubuhi wanamkuta mwenzao amekwisha kuwa maiti. Baada ya tangazo hilo, simu za kuomba msaada ziliongezeka. Majimbo mengi leo yana sheria za mfano huo.

Jambo lingine linalowahusu wazazi moja kwa moja ni hili. Kwa sheria za Marekani, mwanafunzi wa chuo ndiye mwenye faili lake. Mzazi, hata akiwa ndiye mlipa ada, hana haki ya kuambiwa lolote bila idhini ya mwanawe. Marekebisho yale ya 1998 yalilegeza kidogo: chuo kinaweza kumjulisha mzazi wa mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 endapo amevunja kanuni za pombe au dawa za kulevya. Kinaweza, hakilazimiki. Vyuo vingine hupiga simu kosa la kwanza, vingine husubiri la tatu, vingine havipigi kabisa. Swali hili lapasa kuulizwa kabla ya kununua tiketi ya ndege. Na utafiti wa miaka mingi uliofanywa Penn State na kwingineko umeonyesha kwamba mazungumzo ya wazi baina ya mzazi na mtoto, katika wiki chache kabla hajaondoka nyumbani, hupunguza unywaji wake chuoni. Yawe mazungumzo, si onyo la dakika mbili mlangoni begi likiwa begani.

Tumeliacha nyuma lile ambalo hatukutaka kuliandika. Mwaka 2010 watafiti watatu, Wahiba Abu-Ras, Sameera Ahmed na Cynthia Arfken, walichambua majibu ya wanafunzi waliojitambulisha kuwa Waislamu katika utafiti ule wa Harvard wa 2001. Walikuwa 135 tu, na idadi hiyo ni ndogo mno kuwahukumia wote. Lakini karibu nusu yao, asilimia 47 hivi, walikiri kwamba walikuwa wamekunywa pombe ndani ya mwaka uliopita. Watoto wa Kiislamu, wenye majina kama ya watoto wetu. Tulipolisoma hili hatukuwa tena na hamu ya kuvicheka vyuo vyenye mabango. Aliye na shida hiyo miongoni mwa wanafunzi wetu hawezi kumwendea imamu kwa kuona haya, wala chama cha wanafunzi Waislamu kwa kuogopa kutengwa, wala nyumbani. Akimwendea mshauri wa chuo, ambaye si wa dini yake, akasikilizwa kwa saa moja bila kufokewa, tutamlaumu mshauri huyo kwa lipi?

Mama alirudi wiki iliyopita pamoja na mwanawe, tukalifungua lile somo kwenye kompyuta ya ofisi, tukakaa wote wanne mbele yake. Swali la glasi kwa wiki lilikuwa la kwanza kabisa. Kijana akajibu hakuna, na somo likabadilika palepale, likampeleka kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasiokunywa: jinsi ya kukataa bila ugomvi, jinsi ya kuishi na mwenzako wa chumbani anayerudi usiku amelewa, namna ya kuomba kuhamishwa. Mama hakusema kitu. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea, akimtaka mwanawe amfasirie kila ukurasa.

Tukafika kwenye picha ya kijana aliyelala chali sakafuni. Somo likaorodhesha dalili: hazinduki akitikiswa, ngozi ya baridi iliyogeuka rangi, pumzi chini ya nane kwa dakika, kutapika akiwa hana fahamu. Mlaze ubavu. Usimwache peke yake ukidhani usingizi utamponya. Piga 911.

"Huyo mwenzake ni mlevi," kijana alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja kuona mama yake atasema nini.

"Ana mama yake," mama akajibu. "Mlaze ubavu, upige hiyo namba." Kisha akatugeukia akauliza kama kule simu hiyo hulipiwa, tukamwambia ni ya bure, akamwamuru mwanawe aendelee na ukurasa unaofuata, kwani basi la Tanga lilikuwa linaondoka saa nane.